Madaktari wawili wamempa mwanangu majina mawili

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina, wala la mwanangu. Nina watoto wawili, binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka mitano na nusu. Huyu mdogo ndiye anayenikosesha usingizi.

Alizaliwa salama, akanyonya vizuri, na akatembea mapema kuliko dada yake. Alipopita mwaka mmoja alikuwa na maneno yake: mama, maji, paka, na "twende", aliyokuwa akiisema huku anavuta mlango. Kisha yale maneno yakapungua. Sijui yalianza kupungua lini hasa, ila siku moja nilishtuka kwamba sijayasikia muda mrefu. Mama mkwe akaniambia nisijitie wasiwasi, baba yake naye alichelewa kusema mpaka miaka minne na leo hakuna wa kumnyamazisha. Nikatulia.

Maneno yakarudi alipopita miaka mitatu, lakini yalirudi vingine. Anaweza kukariri tangazo zima la televisheni, na sauti ya mtangazaji akaiiga, lakini akiwa na kiu haniombi maji. Hunishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka jikoni, akasema, "Unataka maji?" Mwanzoni nilikuwa namjibu, "Hapana mwanangu, mimi sitaki," naye anaangua kilio. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwenye kiu ni yeye. Nikimwita jina lake hageuki, lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, huyo amekuja. Kwa hiyo masikio yake najua ni mazima.

Anachokipenda kuliko vyote ni kifuniko cha sufuria. Hukizungusha sakafuni, akalaza shavu chini na kukitazama kinavyopunguza mwendo mpaka kitulie, kisha anaanza upya. Nikikichukua nyumba haikaliki. Shuleni hakai kitini, hudakia maneno ya wenzake, na mwalimu akigeukia ubao yeye yuko nje. Usiku hulala kwa tabu, na akishalala anakoroma kwa sauti ya mtu mzima, mdomo wazi.

Mwalimu ndiye aliyetushauri tumwone daktari. Wa kwanza alimtazama kidogo akicheza na kifuniko chake (tulikwenda nacho, vinginevyo tusingefika), akaniuliza maswali machache, akasema ni usonji, yaani autism. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Mume wangu akasema tutafute daktari mwingine. Wa pili alisoma fomu aliyojaza mwalimu, akasema huu si usonji kwa sababu mtoto anamkumbatia mama yake na anacheka; ni ADHD, hali ya kutotulia na kushindwa kushikilia jambo. Akaandika dawa. Dawa tumenunua, iko kabatini, hatujaifungua.

Sasa shule inataka barua ya daktari kabla ya muhula ujao, la sivyo hawajui kama wataendelea naye. Mume wangu anasema basi, tusizunguke tena, hataki mtoto apachikwe jina litakalomfuata mpaka siku ya kuomba kazi na kuposa. Mama mkwe anasema nimeyataka mwenyewe, nilirudi kazini mapema na kumwachia simu achezee. Jirani ananong'ona kwamba ni chanjo. Na tumeelekezwa kwa mtu anayeuza matone ya kusafisha sumu mwilini, anadai watoto wengi wamepona usonji kwa matone hayo.

Faraja yangu ni dada yake. Huyo hana shida yoyote, walimu wanamsifu kwa utulivu, ingawa akirudi shuleni hujifungia chumbani na kulia kwa mambo madogo kama soksi kumkwaruza, na rafiki anaye mmoja tu. Yeye ndiye anayemwelewa mdogo wake kutushinda sote.

Nimwamini daktari yupi, Shangazi? Nimpe dawa? Shuleni nipeleke jina lipi, au nifiche yote mawili?

Mama wa wawili

*

Marahaba, mama wa wawili.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma namwona mtoto waziwazi zaidi. Nakuambia hilo mapema kwa sababu unaandika kama mtu asiyejua lolote kuhusu mwanawe, ilhali umenieleza mambo ambayo mtaalamu angehitaji miadi kadhaa kuyapata.

Nikikuelewa sawasawa, una majina mawili mkononi na unatakiwa uchague moja kabla ya muhula ujao. Nyuma yako kuna mume anayetaka mambo yaishe, mama mkwe mwenye maelezo yake, na shule inayotaka karatasi. Mimi sitakuchagulia daktari. Mtoto hatambuliwi kwa barua, na anayekuambia anaweza kufanya hivyo mkimbie. Lakini swali lako limejengwa juu ya dhana moja ambayo ningependa tuitazame kwanza: kwamba daktari mmoja akiwa sahihi, mwenzake lazima awe amekosea.

Usonji na ADHD havina kipimo cha damu, wala picha ya ubongo inayovionyesha. Vipimo vya damu na vya vinasaba vinaweza kutafuta hali nyingine zinazoambatana navyo, lakini jina lenyewe hutokana na kumtazama mtoto, kuwasikiliza wanaomlea, na kulinganisha yanayoonekana na vigezo vilivyoandikwa. Kwa usonji hutazamwa mambo ya aina mbili: namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, halafu tabia za kurudiarudia, mapenzi makali kwa vitu fulani, au hisia zilizo kali mno au hafifu mno kwa sauti, mwanga na mguso. Kwa ADHD hutazamwa kutotulia, kukurupuka na kushindwa kushikilia jambo, na vigezo vinataka hayo yawe yameanza kabla ya miaka 12, yadumu angalau miezi 6, na yaonekane katika mazingira mawili au zaidi. Shuleni peke yake hakutoshi.

Sasa tazama kila mmoja wao aliona nini. Wa kwanza aliona mtoto na kifuniko katika chumba kimoja, kwa muda mfupi. Wa pili aliona fomu ya mwalimu mwenye darasa zima la kulisimamia. Kila mmoja alishika ukweli, ila ni kipande chake. Na zamani wangelazimika kushindana: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumika katika nchi nyingi, ulikuwa ukikataza mtoto mmoja kupewa majina yote mawili. Katazo hilo liliondolewa katika toleo la tano la mwaka 2013. Leo inajulikana vizuri kwamba watoto wengi wenye usonji wana dalili za ADHD pia. Kwa hiyo inawezekana wote wawili wako sahihi. Inawezekana mmoja yuko sahihi. Na inawezekana kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyelitafuta, kwa mfano tatizo la ukuaji wa lugha lenyewe, ambalo si nadra hata kidogo ila halitajwi sana.

Sababu aliyokupa daktari wa pili, kwamba mtoto anayekumbatia na kucheka hana usonji, sikubaliani nayo. Watoto wengi wenye usonji wana mapenzi tele kwa mama zao na wanacheka mpaka wanaishiwa pumzi. Vilevile usiichukue saa anayoitumia na kifuniko kuwa ushahidi kwamba hana ADHD. Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kabisa katika anachokipenda, tabu yake ni kuuelekeza umakini pale asipopenda. Ningeuliza pia amezaliwa mwezi gani akilinganishwa na wanafunzi wenzake. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba walio wadogo zaidi darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi kuliko wenzao waliowazidi kwa miezi tu. Mtoto wa miaka mitano na nusu akiwekwa na wa sita na nusu, kutotulia kwake kunaweza kuwa umri wake.

Nakuja kwenye masikio, na hapa nitakaa kidogo.

Umesema unajua ni mazima kwa sababu anasikia pakiti ya biskuti. Mwanangu, hilo hulijui bado. Mtoto anaweza kusikia mchakacho wa karatasi na mlango unaofunguliwa, na bado maneno yanayosemwa kwa sauti ya kawaida yakamfikia nusu nusu, hasa penye kelele kama darasani. Maji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio hufanya hivyo, tena huja na kuondoka, ndiyo maana leo anasikia na kesho hasikii, nasi tunasema ni ukaidi. Kabla ya jina lolote la mambo ya ukuaji, usikivu hupimwa kwa vifaa, na mtu anayejua kuwapima watoto. Katika barua yako sijaona mahali ambapo yeyote kati ya madaktari wawili amefanya hivyo.

Kisha ukapitisha kwa haraka habari ya kukoroma. Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi anaweza kuwa na vinyama vilivyovimba nyuma ya pua. Vinyama hivyo huziba njia ya hewa na kukatakata usingizi, na vinaweza pia kuziba kijia kinachoingiza hewa na kutoa maji sikioni. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi huwa hatulii, hukasirika upesi na hashiki anachofundishwa. Unaona picha hiyo inavyofanana na ile ya fomu ya mwalimu? Sisemi kwamba masikio na pua vitaeleza kila kitu. Havielezi kifuniko, na sidhani vinaeleza yale maneno yaliyopotea. Nasema tu kwamba ni vitu vinavyopimika, baadhi vinatibika, na kumpa mtoto jina la kudumu kabla ya kuvitazama ni kuanzia katikati.

Yale maneno yaliyopotea yanataka uangalifu wa peke yake. Kuna watoto wenye usonji ambao hupoteza maneno katika mwaka wa pili wa maisha, na mtaalamu atataka kujua wakati wake kadiri inavyowezekana. Fungua video na picha za zamani za simuni, zina tarehe. Utashangaa zinakumbuka nini. Na kama hata sasa anapoteza neno au ujuzi aliokuwa nao, au kama kuna nyakati anaganda ghafla kwa sekunde chache, macho yametulia mahali pamoja, ukimgusa hashtuki, hilo lisisubiri miadi ya kawaida, maana aina fulani za kifafa hujificha hivyo.

Kuhusu "Unataka maji?", ningependa uione tofauti na unavyoiona. Unaisikia kama kasoro. Mimi namsikia mtoto aliyegundua kwamba kila maji yanapotokea kuna sentensi inayoyatangulia, akaichukua nzima nzima jinsi ulivyomwambia wewe, akaitumia mahali pake na kwa mtu anayefaa. Wataalamu wa usemi wanaijua vizuri namna hii ya kujifunza lugha kwa vipande vikubwa, na wana njia za kumsaidia mtoto kuvivunja. Unaweza kuanza leo bila jina wala karatasi: anapokuvuta mkono, inama usawa wa uso wake, sema wewe kwa niaba yake, "Nataka maji," kisha mpe hapohapo. Usimlazimishe arudie ndipo apate. Mpe sentensi iliyo sahihi pamoja na maji, siku baada ya siku.

Kifuniko nacho usikigeuze adui. Kaa naye sakafuni, chukua cha kwako, kizungushe. Akikutazama, ngoja, halafu sema "zungusha!" Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshi wa ukuaji, na msingi wake mmoja ni huu: mlezi aingie katika mchezo wa mtoto na kazi za kila siku za nyumbani, badala ya kumtoa mtoto nje ya ulimwengu wake ndipo amfundishe.

Tuje kwenye dawa iliyo kabatini. Hujaniambia ni ipi, na hata ungeniambia nisingekuambia uifungue wala uitupe. Zipo dawa za ADHD zilizochunguzwa kwa miaka mingi na zinazowasaidia watoto wengi, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ni sumu. Lakini kwa watoto walio chini ya miaka 6, miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani inaanza na mafunzo kwa wazazi namna ya kuongoza tabia, kisha dawa ikiwa hali bado ni nzito. Nyingi ya dawa hizo hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, na wako tayari analala kwa tabu. Rudi kwa aliyeandika umuulize: tunataka dawa ibadilishe nini hasa, tutajuaje kama imebadilisha, tutapima uzito na moyo mara ngapi, na je, tungoje kwanza habari ya kukoroma? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Hatari ya kungoja kidogo ni kwamba shuleni mambo yanaendelea kuwa magumu, na kama mtoto anakimbilia barabarani au anajiumiza, hesabu inabadilika. Hilo utaliamua na yeye, uso kwa uso.

Matone ya kusafisha sumu ni jambo jingine kabisa, na hapo sina maneno ya kuzungukazunguka. Usimpe. Baadhi ya matone yanayouzwa kwa ahadi hiyo yana kemikali ya kupaushia nguo; mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetoa onyo zaidi ya mara moja. Tiba ya kutoa madini mwilini imewahi kutumiwa kwa madai hayohayo, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki huko Marekani akiwa anapewa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia "kupona" anauza uchovu wako.

Kuhusu lawama, nakuomba uzitue. Kulikuwa na enzi madaktari wenyewe waliamini usonji unaletwa na mama asiye na upendo wa kutosha. Bruno Bettelheim aliieneza imani hiyo katika miaka ya 1960, na akina mama wengi waliishi na aibu isiyo yao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, aliipinga kwa hoja mwaka 1964, na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha ulioonyesha kwamba vinasaba vina nafasi kubwa. Kurudi kazini hakukumpa mwanao hali hii. Simu haileti usonji. Kuipunguza kunafaa kwa sababu saa za simu ni saa ambazo hakuna anayezungumza naye, basi. Na ule mnong'ono wa chanjo ulitokana na makala moja ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12. Jarida lililoichapisha, Lancet, liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuuona uhusiano huo.

Sasa baba yake. Umemleta kwangu kama kizuizi, nami ningependa umsikilize tena. Mtu aliyesema akiwa na miaka minne anajua jambo kuhusu utoto wa aina hii ambalo mimi na wewe hatulijui. Anaposema hataki jina, huenda anakumbuka majina aliyopewa yeye: mzito, bubu, mjinga. Usimwendee na fomu. Muulize ilikuwaje kwake, nani alimsaidia, nani alimuumiza. Habari ya kuchelewa kwake pia ni taarifa ya kitabibu, kwa kuwa mambo haya hurithiwa katika koo, na mtaalamu ataihitaji. Ila kwamba yeye alitoka salama hakuhakikishi kwamba mwanawe atatoka vilevile bila msaada. Mama mkwe naye, kwa lawama zake zote, ndiye pekee anayekumbuka utoto wa mume wako. Ukimwomba akusimulie, unaweza kupata shahidi pale ulipokuwa na hakimu.

Njia zilizo mbele yenu naziona tatu, na hakuna isiyo na gharama. Mnaweza kungoja, kama anavyotaka baba. Faida yake ni amani ya nyumbani kwa sasa. Hatari ni kwamba miaka ya mwanzo ndiyo lugha hushika kwa wepesi zaidi, na mtoto asiyeeleweka hupewa majina hata hivyo, ya uwanjani, ambayo hakuna daktari aliyeyaandika. Mnaweza kuendelea hadi mpate tathmini kamili: historia tangu ujauzito, mtoto atazamwe katika mchezo uliopangwa, lugha na uwezo wake wa kufikiri vipimwe, mwalimu aulizwe, ikiwezekana na wataalamu zaidi ya mmoja wanaokaa pamoja. Hiyo huchosha, hugharimu, na inaweza kuwapa jina ambalo ndugu hawatalipokea vizuri. Wengine hutoka hapo wakiwa na ahueni, wengine na kilio, wengi na vyote viwili. Njia ya tatu ni kuanza msaada huku jina likisubiri: usikivu upimwe, pua na usingizi vitazamwe, mtaalamu wa usemi na lugha aanze naye. Hakuna kati ya hao anayehitaji neno usonji wala ADHD ili afanye kazi. Hatari yake ni kuridhika hapo katikati, mkasahau kurudi kwenye swali. Kama ningekuwa mezani na nyinyi wawili, ningewauliza ni ipi baba anaweza kuibeba bila kuhisi ameshindwa.

Shule inataka barua. Jaribu kuuliza wanaitaka kwa ajili gani. Barua ya kumpatia msaada darasani ni tofauti na barua ya kumtolea nje, na mzazi ana haki ya kujua ipi ni ipi kabla ya kuipeleka. Mwambie mwalimu, ambaye naona ana nia njema, kwamba uchunguzi unaendelea, kisha mwombe daktari aandike anachohitaji mtoto: akae mbele, apewe agizo moja moja, aruhusiwe kusimama na kutembea kidogo, aonyeshwe kwa picha kinachofuata. Barua ya mahitaji humsaidia mwalimu kesho asubuhi kuliko jina tupu. Kuficha kabisa kuna hatari yake: asiyejua sababu hutafsiri kila kitu kuwa utovu wa adabu, na mtoto ndiye anayeadhibiwa. Kusema mapema nako kuna hatari, kwa sababu jina likishaingia kwenye faili huwezi kuchagua nani atalisoma. Uliza faili linakaa wapi na nani analifungua.

Siku ya miadi nenda na video fupi za simu: anapoomba maji, anapoitwa jina, anapokuwa na watoto wenzake, na usiku anapokoroma. Dakika moja moja inatosha. Ofisini watoto huwa wengine kabisa, na video humzuia daktari asihukumu kwa kile kilichotokea mbele ya meza yake tu. Nenda na baba yake pia, hata kama atakaa kimya.

Nimebakisha jambo dogo, na sikutaka kulitaja mwanzoni usije ukashtuka. Umeniandikia kwamba binti yako hana shida yoyote, halafu hapohapo ukaniambia hujifungia chumbani akirudi shuleni, hulia kwa soksi kumkwaruza, ana rafiki mmoja, na anamwelewa mdogo wake kuliko watu wazima wote. Huenda ni msichana mpole aliyechoka na siku ndefu, na dada mwenye moyo. Wasichana hata hivyo hugunduliwa wakiwa wamechelewa mara nyingi, kwa sababu hujifunza kuiga wenzao mchana kutwa na gharama yake huilipia nyumbani. Usimwambie chochote cha majina. Kaa naye jioni moja muulize shule inamchosha wapi, na siku ya miadi ya mdogo wake mtaje hata mwishoni. Kwa sasa mtafutie soksi zisizo na mshono vidoleni, zipo.

Shangazi